Johannesburg Karibu, Mlandizi Mbali

Kwa watu wa Dakawa, Morogoro, Johannesburg si mji wa kigeni. Wapigania uhuru wa ANC ya Afrika Kusini walianza kujenga makazi yao hapa mwaka 1982, wakaishi nasi, wengine wakaoa kwetu, na mwaka 1992 wakaikabidhi Tanzania majengo wakarudi kwao. Miongoni mwao ndimo mjomba wangu alimopata mkwe, naye akatumiwa tiketi ya Johannesburg akawaone wajukuu.

Siku moja kabla ya safari aliweka uzi juu ya ramani ya mtoto wa shule. Kutoka Dar ni kilomita 2,400 na ushee, ndege ya moja kwa moja huchukua kama saa tatu na nusu. Halafu akashtuka.

"Mpwa, mbona Dakawa iko karibu na Johannesburg kuliko Dar?"

Kweli. Kwa mstari ulionyooka, tuko karibu zaidi kwa kilomita kama 30.

"Sasa Dar tunafuata nini?"

"Uwanja, Mjomba."

"Uwanja hata hapa upo." Wa mpira, lakini upo.

Tukashuka Dar, tukalala kwa ndugu. Asubuhi, kwenye kupima mizigo, begi lake la mchele likazidi. Mjomba, mkulima wa mpunga aliyepunjwa na lumbesa, magunia yanayojazwa kupita kipimo, maisha yake yote, haamini mizani asiyoishika mwenyewe. Alibishana mpaka foleni nzima ikajua bei ya mchele Dakawa. Mwisho mchele ukabaki mikononi mwangu.

Ndege iliruka saa nne. Nami nikaanza safari yangu ya kilomita 240 hivi. Foleni mpaka stendi ya Mbezi. Basi likasubiri lijae, likajaa, likasubiri lijae zaidi. Baada ya Mlandizi tairi likapasuka, na la akiba nalo halina upepo. Abiria tukahamia chini ya mwembe, konda akapanda bodaboda kutafuta fundi. Saa tisa simu ikaita.

"Nimefika, nimeshakula! Tena huku saa ziko nyuma kwa saa moja, nimepata saa ya bure. Wewe uko Msamvu, Morogoro?"

"Mlandizi, Mjomba."

"Mlandizi? Kwani umesahau kitu Dar?"

Nikamweleza habari ya tairi.

"Na mchele wangu?"

"Ninao hapa."

"Si nilisema niende nao? Ungekuwa umeshaiva huku."

Dakawa niliingia saa tatu usiku. Ndani ya muda huo ndege ingemfikisha Mjomba Johannesburg, ikamrudisha kufuata mchele, ikampeleka tena.

Basi wewe unayesindikiza mtu uwanjani, kata mapema tiketi ya treni ya kurudi. Tangu 2024 treni ya umeme inatoka Dar hadi Morogoro kwa chini ya saa mbili. Kutoka Morogoro hadi Dakawa, kagua kwanza tairi la akiba.