Mpangaji wa Miguu Minane

Nililipa kilemba cha fremu Kariakoo. Asubuhi ya kufungua nikamkuta mwenzangu ameshatundika vitenge, naye ana risiti iliyofanana na yangu hadi muhuri. Tangu siku hiyo sina wa kumsifu ila buibui yule mkubwa, mwenye manyoya ya rangi ya kutu, wa nyika za Kenya na Tanzania.

Naye yalimkuta. Mwaka 1885 Mjerumani Ferdinand Karsch alimsajili kwa jina la Pelinobius muticus. Mwaka 1900 Mwingereza Reginald Pocock akamsajili upya: Citharischius crawshayi. Kiwanja kimoja, hati mbili! Shauri likamalizika 2010, Richard Gallon alipoonyesha kwamba ni yule yule, na hati ya kwanza ikasimama. Miaka 110 yote hiyo mwenye mali hakugonga mlango wa baraza la ardhi wala wa mjumbe. Alitulia shimoni mwake, shimo alilochimba mwenyewe bila dalali. Jike ndiye fundi hasa. Tazama miguu yake ya nyuma, minene, imepinda kama ya mbeba magunia wa Shimoni, sokoni Kariakoo.

Kwa ukoo ni Theraphosidae, ndugu wa tarantula wa Amerika, ila tumbo lake ni Eumenophorinae, la huku kwetu Afrika. Wale ndugu zake, wengi wao, wakikasirika hukupangusia nywele za kuwasha kama upupu kisha wakakimbia. Wetu hana uhuni huo. Huinua miguu ya mbele, huisugua ikavuma, nawe umeonywa. Ukizidi kumchokoza, anauma, na meno yake hushuka wima kama sururu. Utalia, lakini huwezi kusema hukuambiwa. Mimi nani aliniambia?

Ana mapafu manne, nasi twahangaika na mawili katika vumbi la Msimbazi. Damu yake ni ya buluu, kama ya wafalme wa hadithi. Macho anayo manane na bado haoni vizuri; husikiliza mtikisiko wa ardhi tu, kwa hiyo winga hamvuti kwa nguo iliyotundikwa mlangoni.

Mwenye fremu ya chini, kavu, ajitokeze. Awe na subira, maana jike huweza kuishi zaidi ya miaka 20. Kodi hatalipa, ila mende hutawaona.