Jinsi ya Kuzuru Ujerumani Ukitokea Nyamira

Anza kwa kunyamaza. Ukimwambia mtu mmoja pale steji ya Nyamira kwamba unaenda Ujerumani wiki mbili kutazama makasri kisha urudi, kabla gari halijafika Kebirigo utakuwa umeshapata kazi ya uuguzi. Septemba 2024 Kenya na Ujerumani zilitia saini makubaliano kuhusu ajira, na tangu hapo hakuna mtu wa kwetu anayekwenda kule kutembea tu. Usijisumbue kueleza utalii. Mtalii ni Mzungu anayekwenda Tabaka kununua kiboko wa mawe ya sabuni. Mwana wa kwenu anayelipa nauli ya ndege akaangalie nyumba za watu ana jambo analoficha. Tahadhari: utamwambia shangazi.

Paspoti ndiyo rahisi. Omba kwa eCitizen, nenda ofisi ya uhamiaji Kisii, pigwa picha bila kutabasamu. Hakikisha majina ya kwenye kitambulisho yanafanana na ya kwenye cheti cha kuzaliwa. Hayatafanana.

Sasa viza. Tangu Juni 2024 ada ni yuro 90, na hairudishwi ukinyimwa, basi ihesabu kama sadaka. Tafuta bima ya safari ya yuro 30,000 au zaidi, oda ya ndege, mahali pa kulala kila usiku, na taarifa ya benki. Hapo kwenye benki kuna kanuni ambayo hakuna aliyekuandikia: pesa ziwepo, ila zisionekane zikifika. Mkulima wa majani chai analipwa kidogo kila mwezi, kisha Oktoba inaingia bonasi, halafu vijisenti vilevile hadi Oktoba nyingine. Kwa KTDA, shirika la chai, huo ni mwaka wa kawaida. Kwa afisa wa viza huyo ni mtu aliyeazimwa pesa juzi. Usijaribu kurekebisha mambo kwa kuomba chama wakuwekee laki tatu Jumatatu. Wataweka, na Alhamisi mweka hazina atazihitaji kwa ajili ya matanga.

Baada ya pesa, thibitisha kwamba utarudi. Hapa jipe muda, maana ndipo safari nyingi huishia. Wanataka kuona vinavyokufunga nyumbani. Peleka hati ya shamba: ina jina la babu, aliyefariki, na watoto wake wa kiume wamegawana kwa kupanda miti ya mpakani, bila kumhusisha msajili wa ardhi. (Sensa ya 2019 ilihesabu watu 957 kwa kila kilomita ya mraba kaunti jirani ya Kisii; hata huku kwetu fungu lako ni dogo, lakini lipo.) Peleka cheti cha ndoa: ng'ombe walitolewa, wazee wakala wakashiba, hakuna aliyeandika. Peleka barua ya mwajiri: mwajiri ni wewe. Jiandikie, jipe likizo, jisifu kwa kiasi. Usijipe likizo ndefu mno, utaonekana huna kazi.

Wakati huohuo, nyumbani unatakiwa kuthibitisha kinyume. Shangazi ameshasema. Kamati imeundwa, kundi la WhatsApp limefunguliwa, viti na hema vimekodiwa, na harambee ni Jumapili. Mjomba aliye Minnesota atapiga simu katikati ya shughuli kuuliza kwa nini hukuchagua Marekani. Mchungaji ataomba Mungu akufungulie milango huko uendako, maana yake usirudi. Sema Amina. Ubalozi hauhudhurii harambee, lakini picha usiziweke Facebook.

Kufunga mzigo ni rahisi, mradi mama asijue siku. Nyama na maziwa ya mgando havipiti. Parachichi linahitaji cheti cha afya ya mimea. Umoja wa Ulaya umeyasamehe matunda matano tu: nanasi, nazi, duriani, tende na ndizi. Yaani ndizi ya Kisii inaingia Ulaya kwa masharti machache kuliko mwenye kuilima. Beba mkungu mzima ukitaka. Mama atakufungia mboga ya chinsaga, ambayo haimo kwenye orodha.

Ukifika Frankfurt, usimtafute makanga. Hakuna wa kukuvuta mkono, na treni haingoji ijae. Ukizoea Probox ya Kisii, ambayo haiondoki mpaka mtu mmoja akae na dereva kiti kimoja, utaliona behewa nusu tupu udhani limeharibika. Panda. Kwenye treni za mjini hakuna lango wala wa kukuitisha tiketi. Usidhani ni bure, mkaguzi amevaa kama abiria, na faini ni yuro 60. Kwenye treni za safari ndefu, tiketi si kiti. Kiti huwekwa kwa malipo mengine. Na ule uhodari wa Mjerumani na saa uliousikia shuleni usiutegemee: mwaka 2024 ni kama asilimia 62 tu ya treni za masafa marefu zilizofika kwa wakati, na kuchelewa chini ya dakika 6 hakuhesabiwi. Wenzako watakunja uso. Kunja nawe, ingawa umekaa raha.

Nunua chakula mapema. Jumapili karibu maduka yote hufungwa. Msabato awe makini zaidi. Atapumzika Jumamosi yote kama alivyolelewa, Jumapili aamke na kikapu, akute mji mzima unapumzika. Ndizi zitamfaa hapo.

Kisha rudi siku iliyoandikwa kwenye tiketi. Hili halitasamehewa nyumbani. Panda basi la usiku kutoka Nairobi, ushuke Keroka alfajiri, mji ambao kaunti mbili zinaugombania, kwa hiyo hakuna wa kukuuliza wewe ni wa wapi. Ukiingia kwenu mchana, watasema umefukuzwa. Usiseme safari imekwisha. Sema uko likizo. Wakiuliza unarudi lini kazini, taja Januari. Ikifika Januari, waambie viza inashughulikiwa. Wala hutakuwa umedanganya, maana kamati itakuwa imeshaanza kuchanga tena.