Mkutano wa Watumiaji wa Programu Huria na Vituko Vyake

Kikundi cha watumiaji wa programu huria ni jumuiya ya watu wanaokutana, aghalabu Jumamosi, kufundishana programu ambazo kila mtu ana ruhusa ya kuzitumia, kuzinakili, kuchungulia msimbo wake na kuzirekebisha. Hakina mwajiri wala mlipwaji. Mali yake ya kudumu ni ekstensheni moja ya umeme, ambayo kila mwanachama ana hakika iko kwa mwenzake. Vikundi vya namna hii vilienea duniani katika miaka ya 1990, baada ya Linus Torvalds, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, kutangaza mwaka 1991 kwamba anaunda mfumo endeshi kwa kujifurahisha tu. Tangu hapo Linux, kama mfumo huo ulivyokuja kuitwa, imeingia kwenye simu za Android, kwenye seva za intaneti na, kuanzia mwishoni mwa 2017, kwenye kompyuta zote 500 zilizo katika orodha ya zile zenye nguvu kuliko zote duniani. Inakoingia kwa taabu ni kwenye laptopu ya mshiriki wa Jumamosi, na ndiyo maana mikutano haiishi.

Kila mkutano huanza na tangazo, na tangazo husambazwa kwa WhatsApp, programu ambayo msimbo wake umefungwa. Kinaya hiki hakipiti hivi hivi. Kila mwaka hujitokeza mwanachama mmoja mwenye msimamo, akasema ni aibu watetezi wa uhuru kukutana katika nyumba ya kupanga, na akapendekeza kuhamia jukwaa huria. Wote humuunga mkono. Jukwaa hufunguliwa, kiungo husambazwa kwa WhatsApp, naye hubaki huko peke yake akijisalimia asubuhi na jioni.

Lililo gumu zaidi katika tangazo ni saa. Bango la Kiingereza likisema 10:00, mwenye haraka hulinakili kwa Kiswahili kuwa saa 10, na kwa hiyo jijini Dar es Salaam kuna watu wanaofika alasiri, mkutano ukiwa umekwisha, wakapokewa na mlinzi anayefagia maganda ya karanga. Waliosoma sawasawa, yaani saa 4 asubuhi, hufika saa 5. Chini ya tangazo maswali ni yale yale: je, kuna posho? Cheti kitatolewa? Chakula je? Swali la nne, ambalo hutokea mara chache, huhusu mada.

Ukumbi huazimwa chuoni au katika kituo cha ubunifu. Kwa bahati mbaya, ukumbi wa kuazima huja na mgeni rasmi. Huyu husema kwamba kwa kuwa itifaki imezingatiwa hatakuwa na mengi, kisha huwa na mengi, na huondoka kabla ya mada ya kwanza kwa sababu ana kikao kingine. Inayofuata ni ibada ya projekta. Projekta ya ukumbi hupokea waya wa zamani wa VGA. Laptopu ya mtoa mada, kwa kuwa ni mpya, ina tundu la USB-C tu. Na kiunganishi pekee kilichopo kinageuza HDMI kuwa kitu ambacho hakuna anayekihitaji. Picha ikishatokea ukutani, hubainika kwamba mada ya kuachana na programu za kulipia iliandaliwa usiku kwa PowerPoint. LibreOffice, iliyozaliwa mwaka 2010 wasanidi wengi wa OpenOffice walipojitenga, huifungua bila kinyongo. Ila fonti isipokuwepo hubandika nyingine, maneno yakafurika, na kichwa cha habari kikaangukia kwenye picha ya pengwini.

Kiini cha mkutano, hata hivyo, ni kusakinisha Linux, na vituko vingi hutokea hapa. Zamani mambo yalikuwa mepesi: hadi mwaka 2011 kampuni ya Canonical ilituma CD za Ubuntu, mojawapo ya matoleo ya Linux, bure, kwa posta, kwa yeyote aliyeomba. CD ilikuwa na faida ya ziada kwamba ikiharibika ilifaa kutundikwa shambani kufukuza ndege. Leo faili la kusakinisha Ubuntu 24.04 lina takriban GB 6, na anayelipakua kwa bando la simu huanza kuelewa kwamba programu ya bure ina nauli. Kwa hiyo washiriki hugawana flashi, na flashi nazo zina tabia zake. Ile iliyoandikwa GB 512, inayouzwa barabarani kwa bei ya chipsi mayai, ndani ina chache tu. Imefundishwa kuidanganya kompyuta kuhusu ukubwa wake, na kinachozidi uwezo hupotea kimya kimya. Amri ya sha256sum, inayokagua kama faili limefika zima, huufichua uongo huo papo hapo. Wanaoikumbuka kabla ya kuanza ni wachache. Wengi huikumbuka usakinishaji ukishagota katikati.

Laptopu yenyewe hudai heshima zake. Mara inataka F2, mara F12, mara Esc, na kitufe sahihi hujulikana sekunde moja baada ya muda wake kupita. Laptopu za Windows zilizofungwa kwa BitLocker zikiguswa mipangilio ya kuwakia huuliza ufunguo wa tarakimu 48. Mwenye laptopu hudhani ni utani, hujaribu tarehe yake ya kuzaliwa, kisha ya mama yake. Anayevuka hapo hukutana na chaguo la kufuta diski nzima, akaliridhia kwa kuwa amezoea kubonyeza kitufe cha kuendelea bila kusoma. Dakika chache baadaye huuliza kwa upole tasnifu yake imekwenda wapi. Akiulizwa kama alihifadhi nakala, hujibu kwamba ndiyo, alikuwa nayo, kwenye folda nyingine ya diski hiyo hiyo. Wakongwe nao hawasalimiki. Wanapenda kuandika flashi kwa amri ya dd, ambayo haiulizi mara mbili. Herufi moja ikikosewa, badala ya flashi huandikwa diski ya mkongwe mwenyewe, mbele ya wanafunzi wake, akieleza umuhimu wa kuwa makini.

Mfumo ukishakaa, Wi-Fi haionekani. Kadi kadhaa za Broadcom zinahitaji programu ya ziada ili zifanye kazi, na programu hiyo iko kwenye intaneti, ambayo ndiyo inayotafutwa. Tiba ya kawaida ni kuunganisha simu kwa waya na kuazima intaneti yake. Hapo ndipo mshiriki mwingine hudai mfumo uongee Kiswahili. Si dai la kushangaza: mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulishatoa Jambo OpenOffice, yenye menyu za Kiswahili, tangu mwaka 2004. Mdai hutimiziwa haja yake, hufurahi, na ndani ya robo saa huomba Kiingereza kirudishwe. Menyu zile alizijua kwa mahali zilipo, si kwa maana.

Anayebakiza Windows na kuongeza Linux pembeni hupata mkasa wa saa. Windows huchukulia kwamba saa iliyo ndani ya mashine ni ya hapa nyumbani. Linux huiweka katika saa ya kimataifa, UTC. Afrika Mashariki imeitangulia UTC kwa saa 3, kwa hiyo anayetoka Linux kurudi Windows hukuta muda umerudi nyuma saa 3 kamili, na pasipo intaneti ya kuirekebisha huenda akakosa mtihani kwa kujiamini kabisa. Dawa ni amri moja ya timedatectl, lakini mwenye kuitafuta hugundua jambo lingine. Katika hifadhidata ya kanda za saa inayotumiwa na Linux, Africa/Dar_es_Salaam ni jina la pili la Africa/Nairobi. Sababu ni ya kiutawala tu: kanda zilizoenda sawa tangu mwaka 1970 huunganishwa, na Kampala, Mogadishu na Addis Ababa zimo humo humo. Maelezo hayo hayamtulizi Mtanzania, hasa kama ukumbini yumo Mkenya anayetazama dari kwa adabu.

Intaneti ya mkutano ni ya simu ya mtu mmoja mwenye moyo. Laptopu 20 zikisakinishwa kwa pamoja, zote hutaka masasisho, na kila moja hupakua mafaili yale yale upya, hivyo bando la mwezi huisha kabla ya chai. Kuna programu iitwayo apt-cacher-ng: huwekwa kwenye laptopu moja, ikahifadhi kilichopakuliwa mara ya kwanza na kuwagawia wengine bila kurudi mtandaoni. Kila kikundi huijua. Huisakinisha mkutano ujao. Thamani yake ilionekana Mei 2024, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika na intaneti ya Tanzania ikadorora. Wakati kama huo mwenye hazina ya vifurushi kwenye diski yake huheshimiwa kupita mgeni rasmi. Umeme nao ukikatika, projekta huzimika, betri za laptopu za mtumba hufuata, na mazungumzo huhamia kivulini, mahali ambapo, kusema kweli, watu hufundishana vizuri zaidi.

Mada za mchana huwa nyingi, lakini ya Vim ndiyo huacha majeruhi. Vim ni kihariri cha maandishi kilichotolewa mwaka 1991 na Mholanzi Bram Moolenaar, aliyefariki mwaka 2023. Moolenaar aliwahi kufanya kazi Kibaale, kusini mwa Uganda, na badala ya kuuza programu yake aliwaomba watumiaji wachangie watoto wa huko. Ombi hilo hutokea kwenye ukurasa wa kwanza Vim inapofunguliwa. Kuingia, basi, ni kwa baraka. Kutoka ndiko kunakoshinda watu. Hutakiwa kubonyeza Esc, kuandika nukta pacha, herufi q na alama ya mshangao, kisha Enter. Asiyejua hujaribu vitufe vyote, akaandika jina lake mara tisa katikati ya faili la mipangilio, na mwishowe akaizima laptopu kwa kitufe chake.

Baadaye hufuata mambo ya kikundi. Mhazini huchaguliwa bila upinzani kwa kuwa hakuna hazina. Picha ya pamoja hupigwa, na idadi ya waliomo huzidi ile ya waliomsikiliza mtoa mada, kwani wapo waliofika wakati wa picha. Zipo pia habari za mikutano mikubwa: FOSS4G, wa programu huria za ramani, uliofanyika Dar es Salaam Agosti 2018, na DjangoCon Africa, uliokuja Zanzibar Novemba 2023. Aliyehudhuria hata mmoja huvaa fulana yake hadi herufi zifutike.

Kazi inayobaki kati ya mkutano mmoja na mwingine ni printa. Vuguvugu lenyewe la programu huria lina deni nayo. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, Richard Stallman, mtunzi wa programu katika maabara ya akili unde ya MIT, alitaka kuifundisha printa mpya ya leza iwaarifu watu karatasi zinapokwama, kama alivyokwisha kuifundisha ya zamani. Msimbo akanyimwa. Mkasa huo ulikuwa miongoni mwa mambo yaliyomsukuma, na mwaka 1983 akatangaza mradi wa GNU. Zaidi ya miaka 40 baadaye, mwanachama wa kikundi hapigiwi simu kuhusu uhuru wa msimbo; hupigiwa kuhusu printa ya shangazi, ya ofisi ya kata, ya mwenye stesheneri. Akikataa, huulizwa kompyuta alisomea nini. Akikubali, hupanda daladala na flashi mfukoni, akafika na kukuta wino umekwisha, na mwenyeji akamwuliza kama hiyo Linux yake haiwezi kuujaza.