Kutu, Mdai Mwenye Adabu

Hakuna anayeisifu kutu. Dhahabu ina washairi wake, fedha ina wake, hata tambuu haikukosa wa kuipamba, lakini kutu ikitajwa hutajwa kwa kuapizwa. Anayeongoza kwa kuapiza ni yule aliyeinama nyuma ya trela la boti pale Mtwapa au Kilifi, nyundo mkononi, akigonga chuma ambacho zamani kilijibu ngo! na sasa kinajibu pu! Anaamini ameibiwa. Nakusudia kumwonyesha kwamba hakuibiwa hata punje. Amedaiwa, na anayemdai ana adabu kuliko wadai wake wengine wote.

Tuanze na umilikaji. Chuma hakichimbwi kikiwa chuma. Kinachochimbwa ni mawe, mengi yao mekundu, ambayo ni chuma kilichokwisha kushikamana na oksijeni: ndugu wa damu wa yale magamba ya kahawia yanayodondoka chini ya ekseli. Yalilala ardhini dahari na dahari bila kumkera mtu, mpaka binadamu akayatia tanurini pamoja na makaa na kuyapokonya oksijeni yake kwa moto. Hapo ndipo deni lilipoandikwa. Kila bomba la mraba, kila nati, kila bapa la springi ni kitu cha kuazima, na kutu haifanyi zaidi ya kuja kudai cha kwao. Kwa umri, basi, kutu ni mkubwa wa chuma. Anayeiita mwizi angejiuliza kwanza nani alianza kupora.

Sasa adabu yake. Wako wadai wanaokuja alfajiri na mgambo na kubeba televisheni. Kutu hutanguliza barua. Ya kwanza ni malengelenge madogo chini ya rangi. Ya pili ni mchirizi wa kahawia unaotoka kwenye mshono aliochomelea fundi. Kisha magamba hujaa kati ya mabapa ya springi na kuyatenganisha, maana kutu huhitaji nafasi kubwa kuliko chuma ilichokila. Nati hukataa kufunguka. Habu huanza kunguruma. Barua hizo huchukua miezi, pengine miaka. Mwenye trela anazijibu vipi? Analiingiza baharini, kwenye maji yenye chumvi karibu gramu 35 kwa kila lita, tena akitoka moja kwa moja barabarani habu zikiwa za moto. Hewa iliyomo ndani hupoa ghafla, husinyaa, na kuyavuta maji ya chumvi yapite sili mpaka kwenye beringi. Kutu ni kazi ya umeme mdogo unaopita kwenye maji, na chumvi huusafishia njia. Jioni analiegesha trela bila kulimwagia hata ndoo moja ya maji baridi, halafu analalamika kwamba mdai ana pupa!

Watasema: na trela likikatika barabarani, boti ya faiba ikaangukia gari la nyuma, adabu hiyo iko wapi? Hoja ni nzito na haistahili mzaha. Lakini hebu tutazame kinachokatika. Mara nyingi ni bomba lililozibwa ncha zote mbili, ambalo maji yaliingia kwa tundu za bolti na kukosa pa kutokea, likaliwa kutoka ndani huku nje likiwa limepakwa rangi mpya, linang'aa kama bwana harusi. Kutu ilikuwa inasema. Aliyeiziba mdomo ni mwenye brashi. Na rangi yenyewe ya kutangulizia, ile nyekundu iliyopoa, wekundu wake hutokana na oksidi ya chuma. Mkwepa deni amevaa kanzu ya mdai wake! (Oksidi ya chuma pia, ya umbo jingine, ikiwa unga laini uliopakwa kwenye utepe wa plastiki, ndiyo iliyotunza taarabu kwenye kaseti za kawaida, jambo ambalo wanaoitukana kutu hawalikumbuki kamwe.)

Ukweli wa kutu ndio unaoamua kati ya kukarabati na kununua. Ikiwa imeshika ngozi ya juu tu, brashi ya waya na rangi vinatosha. Springi, ekseli na beringi hubadilishwa; hizo ni riba. Lakini nyundo ikizama kwenye fremu, deni limefikia mtaji. Kiraka hapo ni porojo: moto wa kuchomelea hutoboa chuma kilichobaki chembamba kama ganda la yai, na kiraka kikishika, huachia kando yake. Fundi anayekwambia "litasogea msimu mmoja zaidi" anakukopesha kwa jina la mtu mwingine.

Pingamizi la mwisho huja na zinki. Trela lililozamishwa kwenye zinki iliyoyeyushwa kwa joto la nyuzi 450 hivi hudumu miaka mingi. Je, kutu haijashindwa? Haijashindwa, imepata mdhamini. Zinki huliwa yenyewe kabla ya chuma, inalipa kidogo kidogo kwa niaba ya mwenzake, na siku ikiisha mdai hurudi kwa mdeni wa asili. Wala udhamini hauna raha tupu. Mwaka 1824 mwanakemia Humphry Davy aliishauri serikali ya Uingereza ipachike vipande vya zinki au chuma kwenye mabati ya shaba yaliyofunika matumbo ya manowari, ili shaba isiliwe. Shaba ikapona kweli, na meli zikaota chaza na majani ya bahari, kwa kuwa kule kuliwa kwa shaba ndiko kulikokuwa kukiwafukuza. Mtepe wa pwani yetu, chombo kilichoshonwa kwa kamba za usumba bila msumari hata mmoja, ndio uliokwenda baharini bila kudaiwa na mtu.

Wewe mwenye trela hukuchagua mtepe. Basi chagua zinki, chagua chuma kilicho wazi ambacho maji hayana pa kujificha, na kilisuuze kila kikitoka baharini. Na siku utakapoona doa dogo la kahawia kwenye ukingo wa tundu la bolti, usikimbilie brashi ya rangi. Huyo ni mkubwa wako. Mwamkie kwanza, kisha umsikilize amekuja na barua ya ngapi.