Ulaya kwa Kipimo cha Kibofu

Ukirudi nyumbani likizo ukitokea Ulaya, swali la kwanza ni kama umeuona mnara wa Eiffel. Nimeuona. Una mita 330, na foleni yake nadhani inaukaribia. Lakini mwanafunzi anayesafiri kwa basi la usiku, begi limejaa mkate na samaki wa kopo, haujui mji kwa minara yake. Anaujua kwa mambo matatu: maji ya kunywa ya bure yako wapi, wapi anaweza kukaa bila kununua kitu, na wapi pa kujisaidia. Mengine ni ya kupigia picha.

Mwenzangu wa safari alikuwa Mzanzibari niliyesoma naye Ujerumani, na yeye alikuwa na sharti la nne. Kwake yeye choo kisicho na maji si choo, ni uchafu uliowekewa mlango. Huko kaskazini karatasi ndiyo sheria, basi kila alikokwenda alibeba chupa ya plastiki ya lita moja na nusu ya kuchambia, akaipa jina la Bi Mkubwa. Pasipoti alipata kuisahau hotelini. Bi Mkubwa, hata mara moja.

Berlin tulikaa Jumapili, siku ambayo Ujerumani karibu maduka yote hufungwa na mtu hubaki na alichonunua Jumamosi. Sisi Jumamosi tulinunua mkate. Bi Mkubwa hakuwa na kitu tumboni, na hali ya mwenzangu haikuwa ya kusubiri. Akakimbilia duka la stesheni, ambalo lilikuwa wazi, akachukua maji ya bei ya chini kuliko yote, akamjaza Bi Mkubwa njiani na kutokomea chooni. Sasa, Wajerumani wengi maji yao ni ya gesi. Ukiagiza maji bila kutaja namna yake, usishangae yakija yanachemka na ya baridi. Mimi nilikuwa nje ya mlango nimeshika mabegi. Palikuwa kimya. Kisha ikasikika sauti iliyoanza chini, ikapanda juu:

"Yakhe! Maji haya yachonyota!"

Mzee wa Kijerumani aliyekuwa akinawa mikono akaniuliza kwa upole kama mwenzangu anahitaji daktari. Nikamwambia anahitaji maji. Akaniangalia, akaliangalia bomba lililokuwa likitiririka mbele yake, akaondoka bila neno.

Nyongeza ndogo: Bi Mkubwa mwenyewe alikuwa na dhamana. Tangu mwaka 2003 chupa kama hiyo hulipiwa senti 25 juu ya bei, na unarudishiwa ukiipeleka dukani, mradi duka liwe Ujerumani. Kila tulipovuka mpaka nilikumbushwa kwamba Bi Mkubwa ana mahari yake na hajalipwa.

Paris nilikwenda na chuki zangu tayari, na nilikosea kuubebea mji wote chuki, maana katika jambo la msingi wako mbele. Kando ya barabara wamepanga vyoo vya kijivu vinavyojifungua vyenyewe, na tangu mwaka 2006 havilipiwi. Mtu akitoka, mlango hufungwa, mtambo huosha ndani kote kwa maji, kisha taa ya kijani humkaribisha mwingine. Ustaarabu mtupu. Tatizo ni malezi ya pwani. Mwenzangu alitoka, akaniona nimesimama foleni nimekunja miguu, na huruma ikamshika: akauzuia mlango kwa mkono akaniambia, "Pita, pita, ndugu yangu, usingoje." Nikapita. Mtambo nao ukahesabu kwamba aliyekuwamo ametoka, na kwamba wakati wa kuosha umefika.

Nilitoka nimelowa hadi magotini. Watu wa foleni walinipisha kwa heshima kubwa.

Ndiyo maana siku iliyofuata tulijisaidia Louvre. Mkazi wa nchi za Umoja wa Ulaya aliye chini ya miaka 26 huingia bure, na viza zetu za masomo zilitosha kutufanya wakazi. Ndani kuna vyoo na viti vya kukalia, na kwa kuwa tulikuwa humo, tukamwona na Mona Lisa. Ana sentimita 77 kwa 53, nyuma ya kioo, nyuma ya simu za watu zilizoinuliwa juu. Mwenzangu alisema yule mama anatabasamu kwa sababu anajua vyoo viko upande gani.

Venice nitaipita haraka, kama ilivyotupitisha. Kukaa kwenye ngazi za Uwanja wa San Marco ni faini, kukaa kwenye kiti cha mkahawa wa hapo ni faini ya namna nyingine, na choo ni euro moja na nusu. Tuliutembea mji wote kwa kiu ya makusudi.

Vienna ni kinyume chake. Agiza kahawa moja, inakuja kwenye sinia dogo na glasi ya maji pembeni, na hakuna atakayekuuliza unaondoka lini. Maji yenyewe yanatoka milimani kwa bomba lililofunguliwa mwaka 1873, na ni matamu kuliko kahawa. Mimi Vienna ningeipa taji pale pale. Mwenzangu alikataa, kwa sababu tulikuwa tumeshafika Roma.

Roma ilimliza. Kwanza mitaani kuna mabomba ya chuma zaidi ya elfu mbili, maji baridi yanamwagika usiku na mchana, bure. Ukiziba mdomo wa bomba kwa kidole, maji huruka juu kupitia kitundu ili unywe bila kuinama. Aliziba kwa nguvu zaidi ya ilivyotakiwa, na sista aliyekuwa nyuma yake akapata ubatizo wa pili. Lakini kilichomliza kilikuwa kwenye nyumba ya wageni: pembeni ya choo, beseni la kaure lenye bomba lake, kwa kazi ile ile. Sheria ya Italia ya mwaka 1975 inataka kila nyumba iwe nalo. Aliipigia familia Unguja simu ya video akawaonyesha.

Furaha hiyo niliitia doa kwa kumsimulia habari za Kaizari Vespasian, aliyetawala kuanzia mwaka 69 hadi 79, ambaye alitoza kodi ya mkojo wa vyoo vya mjini, kwani madobi waliutumia kufulia nguo. Mwanawe Titus alipoona aibu, inasimuliwa baba alimsogezea sarafu puani akamuuliza kama inanuka. Tangu hapo kila sanamu la Mrumi mwenye joho jeupe mwenzangu alilipita kwa mbali.

Mwisho wa safari ulikuwa Brussels, mji ambao fahari yake ni kijana wa shaba wa sentimita hamsini na kitu anayekojoa hadharani, na watu wanatoka Japani kumtazama. Ana mavazi zaidi ya elfu moja na jumba la kuyahifadhi. Tulimtazama. Sauti ya maji yale ikafanya kazi yake, tukakimbilia choo cha karibu. Mlangoni aliketi mama na kisahani cha sarafu.

"Shikamoo mama," mwenzangu alimsalimu kwa Kiswahili, bila kufikiri.

"Jambo, batoto! Munatokaka wapi?" Alikuwa wa Lubumbashi.

Tuliona tumeokoka. Mwenzangu akamweleza kwa unyenyekevu, Bi Mkubwa kwapani, kwamba sisi ni wanafunzi, sarafu zimetuishia, na sote ni watu wa lugha moja. Mama alisikiliza yote, akatikisa kichwa kwa huruma, akasukuma kisahani mbele.

"Ya bure iko pa inje, kwa ule mutoto. Apa ni feza."