Chura Hajaja, Nzi Wamefika

Tangu mwezi wa Rajabu, nyumbani kwangu Kibokoni, Mombasa, tunafuga nzi. Sisemi tumeshindwa kuwafukuza. Tunawafuga. Wana chupa zao, wana chakula chao, na yuko kijana wa miaka 22, mwenye cheti cha chuo, ambaye huwaamkia wao asubuhi kabla hajaniamkia mimi.

Kijana mwenyewe ni mpwa wangu. Kwetu mpwa akiomba kitu kwa mjomba hanyimwi, na aliyeiweka mila hii sidhani kama alikuwa na dada. Mamake alimleta akae siku mbili tatu huku akitafuta kazi. Akapanda ngazi na begi moja la nguo, na nyuma yake hamali wawili wamebeba sanduku la kioo lililo kubwa kuliko televisheni yangu.

"Mjomba, nataka kufuga vyura."

Nikamwambia mvua ya mwaka ikinyesha siku mbili, vyura watakuja wenyewe mpaka mtaroni, bure, na kelele zao juu. Akasema si hao. Akanipa simu, nikavaa miwani. Mwanzo nilidhani naonyeshwa peremende. Mmoja samawati kama mlango uliopakwa rangi jana, ana madoa meusi. Mwingine manjano mwili mzima kama embe dodo. Hawa, akanieleza, kwao ni Amerika ya Kati na ya Kusini, wadogo wa sentimita mbili mpaka tano, na jina lao ni vyura wa mishale. Wenyeji wa msituni kule Colombia, Waembera, tangu zamani walizisugua ncha za mishale yao ya kuwindia kwenye mgongo wa yule wa manjano. Sumu ya chura mmoja, inasemekana, yatosha kuua watu kumi.

Nikahesabu tuliomo nyumbani. Tumo saba. Watatu wa akiba ningewapata kwa jirani.

"Usiogope, mjomba. Aliyezaliwa ndani ya kioo hana sumu." Kumbe chura huyu sumu hazaliwi nayo; huichuma kwa wadudu anaowala msituni, sisimizi na utitiri. Mweke nyumbani umlishe vingine, sumu haimo. Badala ya kufurahi nilikasirika zaidi. Nigharimike kumleta chura wa sumu kutoka ng'ambo ya pili ya dunia, halafu afike bila sumu? Ni sawa na kuuziwa achari isiyo na pilipili.

Sasa, viumbe hawa hawali wali wala mkate. Hula kitu kinachotembea, tena kidogo mfano wa punje ya ufuta. Ndipo walipoingia nzi, vile viinzi vya matunda. Ulaya na Marekani wafugaji hutumia mbegu maalumu ya nzi wasioweza kuruka. Mbegu hiyo mpwa wangu hakuipata, akaanza na wale waliokuja na ndizi za soko la Marikiti. Hao wana mabawa, na matumizi yake wanayajua. Jike mmoja hutaga mayai kwa mamia, na kwa joto letu siku kumi hazipiti sana kabla yai halijawa nzi anayezunguka kikombe changu cha chai.

Chakula cha nzi ni ndizi zilizopondwa, siki kidogo, na hamira. Hamira yenyewe ni ya mke wangu. Ijumaa ya kwanza mahamri yalitoka bapa, ukayashika ukadhani ni soli ya kiatu. Mke wangu akaiweka sahani mbele yangu, hakuketi.

"Baba watoto, kuua nzi ninunue dawa, kulisha nzi ninunue hamira. Nieleze mwendawazimu wa nyumba hii ni nani, nimpikie chake mbali."

Na sikumwambia lililobaki. Kabla nzi hajaliwa, hutiwa kikombeni pamoja na unga wa kalsiamu na vitamini, akatikiswa mpaka akawa mweupe kama samaki aliyepakwa unga akingoja mafuta. Vitamini! Mimi magoti yangu yameandikiwa dawa tangu mwaka jana na bado naitafutia pesa.

Lakini nisiwe mtu wa kulalamika tu. Jambo moja lilinipa fahari. Tandiko la chini la sanduku ni makumbi ya nazi yaliyochambuliwa. Huko ng'ambo huuzwa madukani, yamekandamizwa yakawa matofali, na watu hutoa pesa. Makumbi haya haya tunayokokea moto! Na chumba cha arusi, wallahi, ni kifuu. Wachukua nusu ya kifuu, wakifudikiza, wakikata kijimlango, ndani waweka kisahani. Dume huita, jike humfuata, mayai hutagwa kisahanini gizani. Kisha aina nyingi dume ndiye mlezi: huyalowesha mayai yasikauke, na baada ya wiki mbili hivi yakianguliwa humpandisha kiluwiluwi mgongoni akampeleka kwenye maji. Ipo aina nyekundu ambayo mama ndiye abebaye, mmoja mmoja, kila mtoto akamtafutia kidimbwi chake, kisha akarudi kumtagia mayai yasiyo na mbegu ayale.

Mke wangu alikuwa amesimama mlangoni na upawa, akasikiliza habari za lile dume mpaka mwisho. Halafu akanitazama. Tuna watoto watano. Nikauliza kama chai ipo.

Viluwiluwi wenyewe ni wa kutengwa, kila mmoja na kikombe chake, kwani wakichanganywa hulana. Kwa sababu hiyo vikombe vyangu vya kahawa, urithi wa marehemu mama, vimekwisha pangwa juu ya kabati vikiwangoja watoto wa chura ambaye mwenyewe hata hajazaliwa.

Tuje kwenye joto. Chura huyu ataka digrii 22 mpaka 26, na hewa iliyolowana usiku na mchana. Mombasa ya kaskazi hupanda 32, na usiku kuta za mawe zakurudishia jua la mchana lote. Feni nyumbani ni moja. Ikageuzwa kuelekea sanduku tupu, "kulizoesha". Mimi nikahamia sakafuni karibu na dirisha.

Maji nayo! Ya kisima hayamfai, yana chumvi, na chura hanywi kwa mdomo, hunywa kwa ngozi. Ya bomba yana klorini, lazima yalazwe kwanza. Nikamuuliza ya bomba yapi. Maji yetu hutoka Mzima kule Tsavo, hutoka Marere milima ya Shimba, hutoka Baricho kwenye mto Sabaki, yakatembea siku kucha mpaka yavuke kuingia kisiwani. Yakifika Kibokoni yamechoka, ngazi hayapandi. Tunayoyatumia huja kwa mkokoteni, mtungi kwa mtungi, kwa bei ya mwenye mkokoteni.

Nikamwambia basi na tukomee hapo, chura si kiumbe wa kupanda ndege. Akanijibu kwa chura wa Kihansi. Huyo ni wa Tanzania, kadogo ka manjano, kalijulikana mwaka 1996 pale bondeni Kihansi, kakiishi kwa manyunyu ya maporomoko peke yake. Likajengwa bwawa la umeme, manyunyu yakakatika. Mwaka 2000 wakachukuliwa kama 500 wakapelekwa Bronx, New York, kuzalishwa ndani ya vioo. Mwaka 2009 ikatangazwa kwamba porini hayuko tena hata mmoja. Mwaka 2010 wakarudishwa 100 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na 2012 wakaanza kuachiliwa kwao Kihansi, ambako walikuwa wametandikiwa mabomba ya kuwanyunyizia maji.

Sikubishana naye. Nilikuwa nawaza. Chura amekaa New York, amerudi kwao, na kafungiwa bomba. Mimi niko ghorofa ya pili nangoja Baricho.

Kilichotuokoa ni makaratasi. Vyura wa mishale wamo katika CITES, mkataba wa biashara ya viumbe vya porini. Hawatoki kwao bila kibali, na kuwaingiza Kenya ni kibali kingine. Kijana akasema yuko muuzaji aliyemwambia watu huwapitisha ndani ya vikebe. Hapo nikautumia ujomba wangu wote kwa mpigo mmoja. Sheria ya wanyamapori ya 2013 haina mzaha, na mimi sitaingia jela ya Shimo la Tewa kwa chura, tena chura asiye hata na sumu.

Kwa hiyo chura hakuja. Barazani lakini habari zilikuwa zimeshatangulia, na kila jioni kwenye kahawa naulizwa mgeni. Mzee mmoja alinisimamia. Akakumbusha wazee walivyosimulia: Nabii Ibrahimu alipotiwa motoni, chura alikwenda na maji mdomoni auzime, na mjusi wa nyumbani akasimama akiupuliza uzidi kuwaka, ndiyo maana huitwa mjusi kafiri. Nyumba ya chura, akasema, ni nyumba ya kheri. Kwa muda nikawa mtu wa kuheshimiwa Kibokoni.

Juzi usiku kijana alinigusa bega nikiwa nimelala. "Mjomba, njoo uone." Tukaenda na tochi. Akakinyanyua kifuu taratibu, kama anayemfunua bibi harusi. Ndani alikuwemo mjusi kafiri, tumbo limejaa nzi wetu wa hamira mpaka ngozi inang'aa, na kando yake mayai mawili meupe.

Kijana amefungua daftari. Anaandika joto asubuhi na jioni. Feni bado inaelekea kule, na barazani wakiniuliza nawaambia chura hajambo.