Gari Jipya Limefika Sinza

Jumatatu

Leo nimekabidhiwa gari jipya. Halijawahi kuwa la mtu mwingine Yokohama wala Nagoya, halijapita mnadani, na chini ya viti vyake hakuna kalamu ya mtu. Ni Suzuki dogo lililotengenezwa India, injini ya cc 998. Kwa bei yake ningepata IST mbili za mtumba na pesa ya mafuta juu. Nimekumbushwa hivyo na kila ninayemfahamu, na leo asubuhi na mlinzi wa geti la pale pale nilipolinunua.

Niliambiwa nifike saa tatu, Barabara ya Nyerere. Nilifika saa mbili na nusu, nikapewa kiti na maji ya chupa. Vibao vya namba vilikuwa bado kwa mchapaji. Vikaletwa saa saba. Kimoja kilikuwa changu, cha pili kilikuwa cha mteja aliyenitangulia, naye alikuwa ameshaondoka na changu kuelekea Kibaha. Alipigiwa simu, akageuza. Alifika saa tisa na nusu, akiwa ameshakula.

Tukaingia kwenye makabidhiano rasmi. Nimesaini kupokea tairi la akiba, jeki, kitabu cha maelekezo na funguo mbili. Utepe mwekundu wa kupigia picha ulikuwa kwenye gari la mtu mwingine, nikausubiri ufunguliwe. Kwenye picha hiyo nimetoka nikiangalia saa.

Dashibodi ilisoma kilomita 19. Nilieleweshwa, nikakubali: gari huendeshwa kuingia melini, huendeshwa kushuka bandarini, huendeshwa hadi yadi na ndani ya yadi. Hakuna linalomfikia mnunuzi wa Dar es Salaam likiwa na sifuri. Hata hivyo zile 19 ningependa ziwe zangu.

Mafuta yaliyokuwemo yalikuwa ya kulitoa getini. Taa iliwaka nikikaribia Daraja la Mfugale pale Tazara, na kituo cha karibu kilikuwa na foleni ya bajaji hadi barabarani. Baada ya hapo nikaingia Barabara ya Mandela pamoja na malori ya bandari yanayokwenda Zambia na Kongo. Niliacha nafasi mbele yangu, kama kitabu cha maelekezo kinavyotaka. Kila nafasi niliyoiacha iliingiwa na daladala.

Nilifika Sinza usiku, kwa njia ya Ubungo na Shekilango. Mke wangu alitoka na tochi, akalizunguka gari lote taratibu, akashika bodi kwa kiganja. Akasema, "Hongera, baba." Kisha akaniuliza mkate niliotumwa uko wapi.

Jumanne

Asubuhi nimekuta mkutano. Mzee wa nyumba ya pili aliniuliza limetembea kilomita ngapi huko Japani. Nikamwambia, shikamoo mzee, hili halijafika Japani. Akauliza ni la mwaka gani. Nikamwambia la mwaka huu. Akanyamaza kidogo, halafu akauliza tena kwa sauti ya chini, kama daktari anayempa mgonjwa nafasi ya kusema ukweli.

Namwelewa mzee wangu. Magari karibu yote ya mtaa wetu yamekula ujana wao Japani. Vitz, Passo, Premio, Noah, yote yamekuja na historia isiyosomeka. Mimi mwenyewe nimeendesha moja kwa miaka mingi. Dashibodi ilisema kilomita 68,000 siku liliposhushwa, na fundi alipofungua injini alifunga tena, akaomba tukae chini tuzungumze. Tangu siku ile nilitaka gari ambalo mwanzo wake naujua mimi.

Kijana wa dukani aliomba aliwashe. Nilimruhusu. Akawasha, akatega sikio. Magari ya mtumba yakiwashwa huongea: mwanamke anatangaza kwa Kijapani kwamba kadi ya kulipia barabara haijachomekwa, na atatangaza hivyo Mwenge, atatangaza Kimara, hadi gari life. Langu halikusema kitu. Kijana alinishauri nicheki betri.

Nikamwonyesha redio. Huko Japani masafa ya FM huanza 76, na redio nyingi za magari yao huishia 90, kwa hiyo mwenye mtumba hununua kifaa cha kuongeza masafa ndipo asikie stesheni nyingi za Dar. Yangu inafika 108 yenyewe. Nilizungusha kutoka mwanzo hadi mwisho, asikie. Alisema simu yake inafanya hivyo hivyo.

Jioni mama mkwe alikuja kulibariki kwa macho. Viti bado vina nailoni, kwa amri ya mke wangu, anayesema ikitolewa sasa watoto watamaliza kitambaa kabla ya Krismasi. Tulimpeleka mama hadi Mori na kurudi. Dar es Salaam ya mwezi huu na nailoni havipatani. Aliposhuka, nailoni ya kiti chake ilishuka naye.

Jumatano

Siku ya bima. Gari nililoongezewa pesa na benki lazima liwe na bima kubwa, na bima kubwa ya gari binafsi ni asilimia 3.5 ya thamani yake, kisha VAT ya asilimia 18 juu ya hiyo. Wakala alitaka picha za pande zote nne. Simu yake ilikuwa imejaa, akaanza kufuta picha za harusi moja baada ya nyingine, akinionyesha kila moja ili nimsaidie kuamua. Nimeona harusi yote.

Kadi ya gari itakaa benki hadi nimalize deni. Mimi nimepewa nakala. Kwa hiyo gari la kwanza jipya maishani mwangu nimelisaini, nimelipia kodi, nimelikatia bima, na hati yake nimeiona kupitia kioo cha kaunta.

Tatizo kubwa la leo lakini ni mahali pa kulilaza. Hapa inabidi nieleze. Sinza ilipimwa katikati ya miaka ya 1970, kwenye mradi wa viwanja na huduma uliokopeshwa na Benki ya Dunia, pamoja na Kijitonyama na Mikocheni. Mtu alipewa kiwanja kilichopimwa, maji, barabara, na akajijengea mwenyewe kadiri ya uwezo wake. Baba yangu alipata hiki ninachokaa. Ulikuwa mpango mzuri, na nausifu popote. Ila viwanja vya huku kwetu vilikuwa vidogo, na vilipimwa wakati mtu wa kawaida alikuwa na baiskeli.

Baba aliacha nafasi mbele ya nyumba, pana kiasi. Halafu zikaja fremu. Kila nyumba ya Sinza iliyotazama barabara imezaa fremu, na yetu imezaa mbili: duka la vocha na saluni. Kodi ya fremu ndiyo iliyosomesha watoto, sina neno baya juu yake. Lakini geti limebaki katikati ya fremu hizo, na mbele ya geti ndipo wateja wa saluni wanapokaa kukausha nywele.

Kila jioni sasa nitafika, nitasimama, nitawasha hazadi. Dada wa saluni atasema, "Jamani, mpisheni baba gari lilale." Wateja watainuka na viti vyao na vichwa vyao vya rola. Leo mmoja alikuwa katikati ya kuwekewa dawa, hakuweza kuinuka. Nilimsubiri hadi akasuuzwa.

Alhamisi

Nimeandikisha namba. Wenye magari Dar wanajua: usipoandika namba ya gari kwenye vioo vyote, taa na sait mira, utaamka siku moja ukute nafasi zake. Kwa hiyo alikuja kijana na mashine ndogo ya kuchora. Gari lenye siku tatu tangu litoke dukani likaanza kukwaruzwa kwa idhini yangu, kioo kimoja kimoja, nami nimelishikilia.

Baada ya vioo akatoboa sait mira na kuzipiga ripiti. Nilimwomba atoboe pole pole. Alinijibu, "Mzee, hii nikipiga pole pole inapasuka." Niliingia ndani nikanywa maji. Mlio wa ile drili nimeusikia hadi jikoni.

Imenigharimu kidogo kuliko nilivyotegemea. Kwenye taa ya nyuma ya kulia alianza kuandika namba ya jirani yangu, aliyekuwa amemhudumia kabla yangu, akaigeuza katikati. Inasomeka ukiinama.

Ijumaa

Fundi wetu wa chini ya mwembe hajanisalimia. Amenihudumia kwa miaka yote ya gari la mtumba, usiku na Pasaka, na leo nilipopita alitazama upande mwingine. Nikarudi kumweleza: kuna waranti, miaka 3 au kilomita 100,000, lolote litakalotangulia, na gari likifunguliwa nje ya karakana yao waranti inakufa. Alisikiliza hadi mwisho. Akauliza, "Hata kuangalia oili tu, bosi?"

Nilifungua boneti akaangalia. Alisimama pale muda mrefu, mikono nyuma. Alisema hajawahi kuona injini isiyo na tone la oili nje, akawaita vijana wake waje waone. Nilifurahi sana, na yeye alifurahi. Niliporudi kazini nilikuwa nimechelewa.

Jumamosi

Kona ya Kijiweni, hapa hapa Sinza, saa nne asubuhi, foleni imesimama. Bodaboda aliyebeba trei za mayai alipita kati yangu na kirikuu ya maji. Mayai yalipita. Mpini haukupita. Alama inaanzia mlango wa nyuma inaishia mlango wa mbele, nyembamba, imenyooka vizuri.

Alisimama, ni haki kusema hivyo. Alishuka, akapapasa kwa kidole alicholamba, akasema, "Pole mzee, hiyo inatoka kwa polishi. Si ni mtumba?" Nikamwambia ni jipya. Akalitazama gari, akanitazama mimi, akasema angekuwa na gari jipya asingelipitisha Kijiweni. Nyuma yetu honi zilikuwa nyingi, sikumjibu.

Lakini nitamjibu hapa. Gari dogo jipya lazima lipite Kijiweni, kwa sababu mwenye gari dogo jipya anakaa Kijiweni. Magari mapya ya kukaa Masaki yamejaa na yana nafasi yake. Hili lina injini chini ya cc 1,000, halitozwi ushuru wa bidhaa, lakini ushuru wa forodha wa asilimia 25 na VAT linalipa kama mengine. Gari lililozidi miaka 10 hutozwa ushuru wa uchakavu, na bado ukijumlisha yote hilo kongwe linabaki nusu ya bei yangu. Mtu wa mshahara anafanya hesabu hiyo mara moja tu, anaagiza kongwe, na moshi wake tunauvuta sote Shekilango. Ningekuwa na sauti kwenye bajeti ningeiomba iwatazame wanunuzi wa magari madogo mapya. Sina, nina mkwaruzo.

Mke wangu aliutazama. Alisema ni bora umekuja mapema.

Jumapili

Baada ya misa palikuwa na baraka ya vyombo vya usafiri. Foleni ilikuwa ya bajaji, pikipiki, kirikuu na mimi. Padri alimwaga maji ya baraka kwa ukarimu, na kioo changu cha nyuma kilikuwa wazi. Mwanangu aliyekaa pale amebarikiwa shati lote.

Mchana niliketi ndani ya gari, uani, nikisoma kitabu cha maelekezo. Hapo nilimkumbuka baba. Zama zake magari mapya yaliingizwa na State Motor na kugawiwa kwa vibali, na yeye aliipata Datsun yake baada ya kusubiri hadi sisi tukaacha kuiulizia. Ilikuwa mpya kabisa. Halafu serikali, kwa kubana mafuta, ilikuwa imepiga marufuku magari binafsi kutembea Jumapili kuanzia saa nane mchana. Kwa hiyo mchana wa siku pekee aliyokuwa nyumbani, gari halikuruhusiwa kwenda popote. Alituingiza wote ndani, milango ikafungwa, akashika usukani. Alitutajia vituo hadi Morogoro. Mama alikuwa ameshika kikapu.

Miaka ya 1980 watu waliporuhusiwa kuagiza bidhaa kwa fedha zao za kigeni, mitumba ikaanza kuingia, na kusubiri kibali kukaisha. Nashukuru kwa hilo. Bila mitumba robo tatu ya ninaowafahamu wangekuwa bado kituoni. Baba lakini hakuwahi kununua mtumba. Datsun aliiendesha mpaka sakafu ikatoboka, akaweka bati.

Leo hakuna marufuku. Saa tisa nikawasha nikawapeleka watoto Coco Beach. Sehemu ya kuegesha tumeikosa, tumezunguka, tumekula mihogo tukiwa ndani ya gari, na nailoni ya viti imelinda vizuri dhidi ya pilipili. Dashibodi inasoma kilomita 214. Ukitoa zile 19, zote nazijua.

Sevisi ya kwanza ni kilomita 1,000, na zamu nimeshaweka. Ukikutana nalo hapa Sinza, rangi ya bluu, namba zimeandikwa hadi kwenye taa na moja haisomeki vizuri, naomba upite mbali kidogo upande wa kushoto. Wa kulia umeshapitwa.